Mwenyewe Atakuja Kuzichukua

Wiki iliyopita nilimwosha Maryam. Tulikuwa wanawake watatu katika chumba cha nyuma cha msikiti, huku Woolwich, chumba chenye vigae vyeupe mpaka darini na mpira wa maji unaotoa uvuguvugu, kisha baridi, kisha uvuguvugu tena, na mimi ndiye niliyepewa upande wa kulia. Nilianza mkono, nikashuka ubavuni, nikafika mguuni, na chini ya kile kitambaa cha kumsitiri kiganja changu kikapita juu ya kovu. Refu, kutoka chini kidogo ya goti mpaka karibu na kifundo, lina vinundu pale zilipopita nyuzi. Nilikuwa nalijua miaka thelathini na ushei. Nimeliona likiwa bichi, nimeliona likififia, lakini sikuwahi kuligusa. Mwoshaji hasemi alichokiona kwa maiti, nami sitoi siri ya maiti hapa, maana kila aliyemjua Maryam alijua kwamba akichechemea. Siri ninayoitoa ni yangu. Zile skii za kutelezea thelujini nilimpa mimi, na muda wote huu nimelala na kuamka na swali moja: mguu ule niliuvunja mimi, au aliuvunja mwenye skii, ambaye wakati ule alikuwa keshakufa?

Mambo ya ukoo wetu na safari ya kuja Landani sitayaingia, kila mtu ana yake. Yatosha kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mtoto wa Unguja mwenye ulimi mrefu kuliko akili, nikikaa chumba kimoja na Maryam juu ya duka la samaki, vitanda viwili na dirisha moja lisilofunga. Yeye alikuwa akisomea unesi. Mimi kila baada ya muda nilikuwa nakwenda Croydon, kwenye lile jengo kubwa la uhamiaji, kuomba niongezewe ruhusa ya kukaa, na kila nikirudi naapa sitafanya jambo lolote la kunisimamisha mbele ya mtu mwenye kalamu. Hilo ndilo lililonifunga mdomo baadaye. Kazi niliyoipata ilikuwa chini ya ardhi, katika karakana ya duka moja la vifaa vya theluji katikati ya mji. Theluji yenyewe nilikuwa sijaiona ila ile chafu ya njiani inayoyeyuka kabla hujatoa mikono mfukoni.

Aliyenitia kazini ni Ami Hamadi, mzee wa Kipemba aliyekuwa dobi kabla ya kuhama. Wazungu walimpenda kwa mkono wake wa pasi, kwani skii, vile vibao virefu vya kutelezea, hupigwa pasi kweli. Unayeyusha nta juu ya ubao, unaitandaza kwa pasi, unaiacha ipoe, unaikwangua, unapiga brashi mpaka ubao unang'aa, kisha unanoa kingo zake za chuma kwa tupa. "Kama kanzu ya Idi," akisema, "ukizidisha moto umeiunguza, ukipunguza umejisumbua bure." Ukuta wa kushoto zilipangwa skii za kukodisha, zimeandikwa nambari kwa rangi nyeupe. Ukuta wa kulia za watu wenyewe, kila jozi na kikaratasi cha jina, zimeletwa kunolewa na kupakwa nta. Za kukodisha alizifanyia kazi huku anazungumza, anacheka, anapiga chafya. Akihamia kulia, ananyamaza, anasoma jina, anasema polepole, "Kwa idhini yako, bwana fulani," ndipo anashika tupa. Nilimcheka sana kwa hilo. "Cheka," akaniambia. "Hizi za kushoto zimelaliwa na watu mia, hazimjui mtu. Za kulia zinamjua mwenyewe. Huyu analemea mguu wa kushoto, tazama ubao ulivyoliwa. Huyu mwoga, anaburuza visigino. Kitu cha mtu ni amana, Zuwena, na amana ina macho." Kisha akanifundisha kishikizo, kile chombo kinacholishika buti juu ya ubao. Kina skrubu na kidirisha cha nambari. Mtu mwepesi asiyejua kitu unamwekea tatu au nne, ili akianguka buti lichomoke. Mtu mzito aliyebobea unamwekea nane. Ukimwekea mwepesi nambari ya mzito, buti halichomoki, na mguu ndio unaokatika. Hilo alinirudilia mara tatu siku ya kwanza.

Mchana tulikula palepale, katikati ya nta. Ami alikuwa na pasi mbovu aliyoitenga kwa chapati tu: anazifunga kwa karatasi ya bati, anazipiga pasi mpaka zinafuka, na kila tulichokula mwaka ule kilinukia nta kidogo, hata chungwa. Bomba la joto lilipanda kutoka kwetu mpaka juu dukani na kutuletea sauti za wateja kama wamekaa nasi. Kila siku ugomvi ule ule wa mume na mke. Mume anataka wanunue zao: za kukodi hujui nani alikuwa amezivaa jana, hazikukai, kila mwaka unaanza upya kuzoeana nazo. Mke anasema tukinunua tutaziweka wapi, nyumba yenyewe huwezi kufungua mwavuli, halafu nta, halafu kunoa, tunakwenda wiki moja tu kwa mwaka, ni sawa na kufuga farasi kwa ajili ya harusi. Nikamwuliza Ami yeye yuko upande gani. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," akajibu huku anageuza chapati. "Lakini na mimi nimepanga chumba miaka kumi, niseme nini?"

Bibi mmoja alikuja mwanzoni mwa msimu. Mzungu, mdogo wa umbo, koti la kijani limefungwa mpaka shingoni, na alishuka ngazi mwenyewe hadi karakana, jambo ambalo wateja hawakulifanya. Mikononi alikuwa na jozi nyekundu, za hali ya juu kabisa, zimetunzwa mpaka unaona aibu kuzigusa. Alinipa kikaratasi kilichokwisha kuandikwa jina la mumewe na nambari ya skrubu, nane. Akasema zipakwe nta na zinolewe. Nikamwuliza atazifuata siku gani. "Mimi? Hapana," akasema, akinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la utovu wa adabu. "Mwenyewe atakuja kuzichukua." Alipopanda ngazi sikusikia vishindo vya viatu vyake. Nilimwambia Ami, akasema mazulia. Ngazi zetu zilikuwa za chuma.

Mwenyewe hakuja. Wiki zikapita, Ami kila Jumatatu anazifuta vumbi kwa idhini yake. Mwisho meneja akapiga simu kwenye ile nyumba, akajibiwa na ndugu yao kwamba bwana yule alifia milimani msimu uliopita. Yaani mwaka mzima kabla mkewe hajatuletea zile skii. Meneja alikuwa kijana mchangamfu, hakuwa mbaya. Alicheka, akasema maiti hawatelezi, tumeelemewa na wateja, zitieni kwenye za kukodisha. Ami akaweka tupa mezani. Akasema kwa Kiingereza chake cha kukatakata kwamba yeye hakodishi amana ya maiti, wamfukuze wakitaka. Hawakumfukuza. Walinipa mimi brashi ya rangi. Nami, kwa kutaka kuonyesha kwamba mimi ni wa kisasa na wale ni wazee wa Pemba na majini yao, nikaandika arobaini na moja juu ya wekundu ule. Bwana yule alikuwa mfupi mwenye mguu mdogo, kwa hiyo ilinibidi kukisogeza kishikizo cha nyuma kwa nguvu ili kiingie buti la kawaida. Kililia kama mlango wa chooni.

Sasa sikilizeni. Skii za kukodisha zikirudi, jioni unalegeza skrubu mpaka tatu, ili springi ipumzike. Nililegeza zile nyekundu, nikaenda zangu. Asubuhi zilikuwa nane. Nikadhani nimesahau. Nikalegeza tena, asubuhi nane. Nikamvaa Ami: "Ami, mchezo huu sitaki!" Akaniapia kwa jina la Mungu kwamba hata upande ule hapiti, na kweli alikuwa anazunguka meza nzima ili asipite. Basi nikafanya ujanja wangu. Niliweka tatu, nikadondosha tone la nta ya moto juu ya kichwa cha skrubu, nikalibonyeza kwa ukucha wangu likabaki na alama. Yeyote atakayetia bisibisi atalivunja. Asubuhi niliteremka wa kwanza, koti sijavua. Tone lipo, zima, na alama ya ukucha wangu. Kidirisha kinasoma nane. La kwanza nililofanya ni kulikwangua lile tone upesi ili nisiwe nimeliona. Na ile arobaini na moja, rangi iliyokauka siku nyingi, nilipoipitia kidole ilikuja nacho.

"Wapelekee wenyewe," Ami akaniambia siku ile, chapati haijamshuka. "Usimwamshe aliyelala, mwanangu, utalala wewe." Nikamjibu vibaya. Nilimwambia mtu mzima ovyo kuogopa mbao. Astaghfirullah, ulimi huu.

Wiki ile ile Maryam akaja na habari yake. Wenzake wa wodini wanakwenda milimani Ufaransa, nafasi imebaki moja. "Nami nibaki nilinde vitanda?" akasema, amekaa juu ya kitanda chake anakula chipsi za siki kwenye gazeti. "Shoga, mimi nakwenda. Nikianguka nimeanguka, si nesi mimi?" Alikuwa mrefu, mwembamba, kila kitu kwake ni mzaha. Asubuhi walipokuja dukani kukodi, kundi zima la wasichana, walikuwa wanamwita kwa jina walilomfupishia wao na kumcheka kwamba Mwafrika gani anakwenda theluji. Anacheka nao, lakini mimi namjua, niliona shingo yake ilivyokaza. Zilizobaki kwenye ukuta wa kushoto zilikuwa zimechunika, za kutia huruma. Moyo ukaniuma. Kwetu mgeni wa heshima humtolei sahani ya kila siku, unafungua kabati unatoa ya harusi. Nikamtolea zile nyekundu. Msichana mmoja akapiga mluzi, na Maryam akanikonyeza. Nilimpigia magoti pale pale sakafuni, buti lake gotini mwangu, bisibisi mkononi, fomu ya kukodi chini, tunataniana, duka limejaa kelele. Niliweka nne. Nakumbuka nimeweka nne. Nikaandika kwenye fomu, nakala moja ya duka, moja yake. Ami alikuwa amesimama juu ya ngazi anatazama.

Siku ya tatu simu ya ukumbini ililia wakati napika wali. Maryam, sauti ndogo, kutoka hospitali ya huko. Alikwenda polepole, akasema, sehemu ya watoto, akaanguka kama watoto wanavyoanguka, lakini ubao ukageuka na mguu haukuchomoka. "Buti halikuniachia, Zuwena. Nilihisi kama mtu kanishika." Mfupa ulivunjika mahali pawili. Nilirudi jikoni nikakuta wali umeungua, nikaula hivyo hivyo nimesimama, mpaka ukoko, sijui kwa nini.

Kesho yake nilifika dukani kabla ya meneja, nikafungua faili la fomu, nikaitoa ile ya Maryam imekunjwa, nikaichana vipande vidogo bila kuisoma, nikavizamisha ndani ya chungu cha nta. Nilijiambia sina haja ya kuisoma, najua nilichoandika. Niliiona Croydon mbele yangu, kalamu, na mwanamume anayeuliza tahajia ya jina langu. Meneja alipouliza, nikasema labda imepotea. Ami Hamadi alikuwa akipiga brashi, akaacha, akaendelea. Siku chache baadaye skii zikarudi na mizigo ya wenzake, safi, hata mkwaruzo hazina. Kidirisha kikisoma nane. Nikashukuru, Mungu anisamehe. Nikasema: si umeona, si mimi, ni yeye.

Masika yalipoanza bibi alirudi. Koti lile lile la kijani. Sikumsikia akishuka, niliinua kichwa nikamkuta amesimama mbele ya ukuta wa kushoto, moja kwa moja mbele ya zile nyekundu, ilhali alikuwa ameziacha kulia. Rangi ya nambari ilikuwa imekwisha kabisa. Nikaanza kujieleza, nikatafuta mahali pa kuanzia uongo, naye akainua mkono mdogo kwenye glovu. "Mume wangu anasema kuna mtu amezitumia," akasema. Ami akasoma aya kimyakimya, niliona midomo. "Hakukasirika," akaendelea bibi kwa upole. "Anauliza tu, yule msichana, mguu wake unaendeleaje?" Hakuna aliyekuwa amemwambia. Meneja mwenyewe jina la Maryam alikuwa hajalijua vizuri. Nilisema anaendelea vyema, kwa sababu ndivyo mtu anavyosema. Akaitikia kwa kichwa, akazibeba mabegani kama mtu aliyezoea, akapanda. Niliacha kazi kabla ya mwezi kwisha. Ami aliniaga kwa chapati mbili kwenye karatasi ya bati na kuniambia neno moja tu: "Mtake radhi." Alifariki miaka mingi nyuma, na kila nikimrehemu namwona anazunguka ile meza.

Sikumtaka radhi. Mwaka ule ulinifanya mtu anayejua kukaa kimya, mimi niliyekuwa siwezi kumeza hata mzaha. Mguu uliunga vibaya. Maryam hakuweza tena kusimama zamu nzima wodini, akauacha unesi, akaishia kwenye meza ya ofisi kupokea simu za watu wanaotaka kuonana na manesi. Aliolewa, akazaa binti, akaachika, akanenepa, akabaki na mzaha wake. Kila Idi alipanda basi kuniletea mkate wa kumimina, anachechemea kutoka kituoni, hataki nimfuate. Na mimi kila Idi nilikuwa nasema moyoni, leo. Niliipanga sentensi. Ningeanza na lile tone la nta, ningeanza na bibi, maana hadithi ya maiti ni nzuri, inaingia mahali pa kusema mimi nimekosa. Mara ya mwisho hospitalini, mwezi uliopita, alinishika mkono akanitazama kwa muda mrefu. "Zuwena," akasema, "hujachoka tu?" Nikamwuliza kuchoka na nini. Akatabasamu, akasema supu ya hapa haina chumvi. Nikaenda kumtafutia chumvi. Ndivyo nilivyoipoteza nafasi yangu, naandika hivi na bado inaniunguza.

Jana ilikuwa khitma yake. Watu walipokwisha kula na mabusati kukunjwa, binti yake akanifuata jikoni. Mtoto wa Landani, Kiswahili anakisikia chote, anajibu kwa Kiingereza. Akanipa bahasha imefungwa kwa gundi, akasema mama yake alisisitiza: si kwa posta, si kwa mtu, mkononi mwa Zuwena mwenyewe, na baada ya maziko, si kabla. Niliifungua pale pale karibu na sinki. Ndani mlikuwa na karatasi moja nyembamba ya rangi ya waridi, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imekuwa matundu. Nakala yake ya fomu. Jina lake, urefu wake, uzito wake, kwa mwandiko wangu. Na chini, mahali pa skrubu, nane. Nane yangu naiandika kwa maduara mawili yaliyotengana, moja juu ya jingine, kama alivyonifunza mwalimu wangu wa chuo utotoni, sijapata kumwona mtu mwingine anayeiandika hivyo. Haikufutwa, haikurekebishwa.

Niliinama juu ya sinki nikaisoma tena. Sikumbuki kuiandika. Naapa sikumbuki, nilijua nimeweka nne, na lile tone la nta nililiona zima kwa macho yangu haya, na bibi alisema alichosema. Hayo siyafuti. Lakini mkono ni wangu. Na Maryam alikuwa nayo karatasi hii tangu kitandani Ufaransa. Angeweza kuipeleka dukani, kwa wakili, Croydon, kokote. Mwanafunzi wa unesi angejua kuisoma. Aliikunja akaiweka, akaniletea mkate wa kumimina kila Idi, akasubiri niseme mwenyewe, na nilipokataa kusema hakunilazimisha.

Binti alikuwa bado amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani, mrefu kama mama yake. Akaniuliza ni kitu gani hicho, ni kitu cha mama? Nilitaka kumwambia yote, bomba, nta, koti la kijani. Nikaona nimekwisha kuanza tena kutafuta pa kuanzia.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Ni changu. Mama yako alinitunzia."